Bastola ya .22 ya kulengea shabaha kwa dola 300: jibu refu kwa jamaa wa Dayton

Mkuu, mpaka sasa umejibiwa kwa mstari mmoja mmoja, na mistari yenyewe inapingana. Mmoja kasema nunua Glock ya 9mm umalize kazi, mwingine kasema .22 ni ya watoto. Ulichouliza wewe ni kingine kabisa: uko Dayton hapa Ohio, una grini kadi, mfukoni una dola 300 hivi, unataka bastola ya .22 ya kwenda kulenga karatasi wikiendi na washkaji, mkiwa watatu, na umeiona Heritage Rough Rider dukani kwa dola 150 na kidogo. Uichukue au uache? Mimi niko Columbus, na .22 ndiyo ninayoipiga kuliko silaha nyingine yoyote, kwa hiyo nitakwenda kwa kirefu. Wavivu wa kusoma wapite tu.

Tuanze na hesabu. Bastola unainunua mara moja, risasi unazinunua kila ukitoka. Boksi la 9mm lenye risasi 50 huku kwetu siku hizi linacheza kwenye dola 12 mpaka 15. Kwa hela hiyohiyo unapata .22 LR (Long Rifle, ndiyo .22 ya kawaida) kama 150 hivi. Mkiwa watu watatu asubuhi ya Jumamosi, risasi 300 zinakatika huku bado mnapiga stori. Kwa .22 hiyo ni dola 25 na ushee, kwa 9mm ni 70, 80, mpaka 90. Mwenye Glock ya 9mm na bajeti yako atakwenda uwanjani mwezi wa kwanza, mwezi wa pili ataanza kutoa visingizio. Sina ugomvi na Glock, ila haijibu ulichouliza.

Sasa, kwa kuwa unafuu wote uko kwenye risasi, bastola inayokufaa ni ile itakayokula risasi za bei ya chini bila kununa. Hapo inabidi ujue kidogo .22 inavyofanya kazi ndani. Risasi ya 9mm ina fataki yake, kile kiduara katikati ya kitako. .22 haina. Dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bastola inauponda ukingo huo ndipo moto unapita kwenye baruti. Ni ufundi wa zamani sana: Smith & Wesson waliitoa .22 Short mwaka 1857, na hii .22 LR tunayopiga leo ilitoka kiwandani kwa Stevens mwaka 1887. Ganda ni jembamba, kutengeneza ni rahisi, bei inakuwa chini. Ubaya wake ni kwamba ile dawa isipoenea sawasawa kwenye ukingo, pini ikaangukia pasipo na dawa, unasikia "tak" halafu kimya.

Hilo litakutokea, tena mapema, kwa hiyo lijue kabla hujatoka nyumbani. Ikigoma, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, kidole nje ya kifyatulio, hesabu sekunde 30 taratibu, maana mara chache moto huchelewa kisha risasi inalia. Baada ya hapo itoe uitazame. Utaona kwenye ukingo alama ya pini, kijishimo cha mstatili kama umebonyeza kwa ncha ya bisibisi ndogo. Kama kijishimo ni kirefu na kiko wazi, kosa ni la risasi: igeuze ili pini ipige upande mwingine, na mara nyingi italia. Kama alama ni hafifu, imekwaruza tu, shida iko kwenye bastola: uchafu, springi iliyochoka au pini iliyokwisha. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, "pufu", simama hapohapo. Usifyatue nyingine. Toa magazini, fungua, chungulia mtutu kwa nyuma uone kama mwanga unapita, maana kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimenasa humo.

Kitu cha pili ni nguvu. Bastola inayojipakia yenyewe inategemea msukumo wa risasi kurudisha nyuma slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza,, kutema ganda na kuvuta risasi mpya. Msukumo wa .22 ni mdogo, kwa hiyo hakuna akiba. Risasi ikiwa dhaifu kidogo, au bastola ikijaa masizi, inakwama. Ndiyo maana watu wengi hapa Marekani huanza bastola mpya na CCI Mini-Mag: kichwa cha graini 40 (graini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) kilichopakwa shaba, kasi ya futi 1,235 kwa sekunde kwenye boksi. Ni ghali kidogo kuliko zile rahisi zinazouzwa nyingi kwa ndoo, lakini zikikwama hizo basi ujue bastola ndiyo yenye matatizo, na hapo mjadala unaisha. Ukishaona inakula Mini-Mag bila shida, ndipo ushuke: Federal AutoMatch, Aguila za Mexico, Remington Golden za boksi kubwa. Nunua boksi mojamoja, upige, usikilize. Bastola mbili za aina moja kutoka duka moja zinaweza kupenda risasi tofauti, sijui niseme nini zaidi, ndivyo .22 ilivyo.

Haya, Rough Rider yako. Ile ni rivolva ya mtindo wa kauboi: unavuta nyundo kwa kidole gumba kila risasi, sita zikiisha unafungua kimlango pembeni unasukuma maganda moja baada ya jingine kwa kijiti kilicho chini ya mtutu. Kwa kuwa unaizungusha kwa mkono, haijali nguvu ya risasi. Itakula takataka yoyote ya .22 LR, na hata zile fupi. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa na ndiyo sababu siipondi. Fremu yake ni ya aloi ya zinki, vilengeo kwenye toleo la bei ya chini ni vya kudumu, huwezi kuvirekebisha, na ina kile kiwiko cha usalama upande wa kushoto ambacho kila mgeni atakisahau kikiwa kimefungwa kisha akakuambia bastola yako imekufa. Ikipiga kushoto ya shabaha, itaendelea kupiga kushoto, wewe ndiye utakayehama.

Kama unaitaka rivolva ya namna hiyo, ongeza kidogo uchukue Ruger Wrangler. Imetoka mwaka 2019, fremu ni ya alumini, haina kile kiwiko, na ndani ina kipande cha kuzuia nyundo isiguse pini mpaka uwe umevuta kifyatulio, kwa hiyo unaweza kujaza matundu yote sita bila wasiwasi. Huku nimekuwa nikiiona karibu na dola 200, ikishuka kidogo kwenye ofa.

Na rivolva ina faida moja ambayo nadra kusikia ikitajwa. Ukimfundisha mtu kupiga, mwambie ageuke, mjazie risasi nne mpya na maganda mawili matupu, uchanganye. Yeye hajui lipi ni lipi. Nyundo ikiangukia ganda tupu, bastola hailii, na hapo utamwona: mtutu unachota chini kama kijiko, bega linakaza, macho yanafumba. Naye anajiona. Hakuna maneno ya mwalimu yatakayomfikishia hilo kwa haraka namna hiyo. Kaka mmoja wa hapa kwetu aliyekuwa anaapa kwamba vilengeo ni vibovu alinyamaza kabisa baada ya ganda la kwanza.

Lakini mkuu, umesema mko watatu. Kwa watu watatu rivolva moja ya kusukuma maganda kwa kijiti ni foleni ya benki mwisho wa mwezi. Ndiyo maana kwa hali yako mimi nisingeichukua kuwa bastola yako ya kwanza na ya pekee.

Ningechukua Taurus TX22. Imekuwepo tangu 2019, mpini wa plastiki unaojaa mkono wa mtu mzima, magazini inabeba risasi 16, kilengeo cha nyuma unakirekebisha kwa bisibisi, na bei yake mara nyingi iko kati ya dola 250 na 330. Nimepiga ya rafiki yangu mara nyingi, na imekuwa ikila risasi za boksi kubwa kuliko nilivyotegemea kwa bastola ya bei hiyo. Kifyatulio ni kizuri, hakikwaruzi. Ni nyepesi, na huo ndio upungufu wake kwa kulenga: mkono ukitetemeka nayo inatetemeka, uzito haukusaidii. Kwa yadi 7 mpaka 10 kwenye sahani za karatasi hutaona tofauti. Ukitaka vishimo vyote vikae kwenye duara la mdomo wa kikombe cha kahawa kwa yadi 25, utaiona.

Sisi tunaotaka duara hilo la kikombe tunakwenda kwa Ruger Mark. Hapa naomba mnivumilie, ndiyo ninayoipenda. Ruger yenyewe ilianza na bastola hii: mwaka 1949, Southport, Connecticut, Bill Ruger na mwenzake Alexander Sturm waliitoa kwa dola 37.50, umbo linafanana na Luger ya Wajerumani lakini ndani utaratibu wake umetokana na Nambu ya Wajapani. Mtutu haujongei, umeshikana na mwili wa juu, kinachorudi nyuma ni kipande cha chuma ndani tu. Kilengeo kiko juu ya mwili huohuo. Kwa hiyo kila ukilenga, mtutu na kilengeo viko palepale, na ndiyo maana bastola hizi zinapiga vizuri hata zikiwa na umri wa mzazi wako. Mark II ilitoka 1982, Mark III miaka ya 2000, Mark IV mwaka 2016.

Tofauti kubwa kwa mtumiaji ni usafi. Mark IV ina kitufe kimoja nyuma, unakibonyeza, mwili wa juu unainuka, umemaliza. Mimi nina Mark III. Kuifungua si kazi, kuirudisha ndiyo mtihani: kuna kijiti kinachoning'inia kwenye nyundo ambacho lazima kidondokee mahali pake, kwa hiyo unaelekeza mtutu juu, unainamisha, unavuta kifyatulio, unasikiliza, kisha unafunga kile kibanio cha chuma cha nyuma ya mpini. Kijiti kikikaa vibaya nyundo haiendi, unaanza upya. Ukishazoea ni dakika moja. Kabla ya kuzoea utaita majina ya wahenga wote.

Mark IV mpya inazidi bajeti yako, hata ile ya mpini wa plastiki inayoitwa 22/45. Mark II au III iliyotumika unaweza kuipata kwenye dola 300 au chini yake ukiwa na subira, hasa kwenye maduka ya rehani na kwenye rafu za mitumba za maduka ya silaha. Ukiipata, omba uifungue mbele ya muuzaji, hakikisha haina risasi, kisha angalia vitu vitatu. Kwanza ukingo wa chemba, pale ganda linapokaa: washa tochi ya simu utafute kijishimo kilichochongwa na pini. Mtu aliyekuwa akifyatua bila risasi kwenye bastola isiyoruhusu hilo, pini imekuwa ikigonga chuma cha chemba badala ya ganda, na chuma kikishaota kibonde hapo maganda yanaanza kugoma kuingia na kutoka. Pili midomo ya magazini, isiwe imepinda. Tatu mtutu, uwe na mistari iliyo wazi bila madoa ya kutu. Na ikiwa ni Mark IV ya zamani, zile zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 Ruger wenyewe waliziita zirudi kwa sababu ya kufuli ya usalama: ikikaa katikati, isifike mwisho, na mtu akavuta kifyatulio, bastola inaweza kulia baadaye kufuli inapoachiwa. Namba zake zinaanza na 401 au WBR. Tovuti ya Ruger inakuambia kama iliyo mkononi mwako inahusika.

Nyingine nazipitia haraka. Browning Buck Mark, ya tangu 1985, ni nzuri mno na kifyatulio chake ni kitamu, ila bei imepanda na kuisafisha kuna viskrubu vidogo vya kupotea. Smith & Wesson Victory inafunguka kwa skrubu moja, inalenga vizuri sana, ni nzito, na ukiikuta kwenye ofa chini ya 350 usifikirie mara mbili. Glock 44 ni ya mtu mwenye Glock kubwa anayetaka mazoezi ya bei nafuu. Walther P22 ni ndogo, inapendeza mkononi mwa mtu mwenye vidole vifupi, lakini kwa kulenga karatasi siielewi.

Kabla ya kulipa, tafuta uwanja wa ndani unaokodisha bastola. Unalipa kidogo, unapiga boksi moja, unajua. Mkono wako ndio utakaoamua kati ya TX22 na Ruger, sio mimi.

Kufyatua bila risasi nyumbani kwa mazoezi: Ruger Mark inaruhusu kwa mujibu wa kitabu chake, mradi kile kipini kidogo cha kuzuia pini kiwemo ndani, na kwenye bastola iliyotumika hakikisha hakijapotea. Nyingine soma kitabu chake. Kinga ya bei ya soda ni zile skrubu-plagi za plastiki za njano za ukutani kutoka duka la vifaa vya ujenzi: zinaingia kwenye chemba ya .22, zina ukingo, pini inapiga plastiki. Badilisha zikichakaa. Risasi halisi ziwe chumba kingine kabisa.

Umegusia pia kuiweka kwa ajili ya ulinzi. Baada ya hayo niliyoeleza kuhusu ukingo na dawa, jijibu mwenyewe.

Sasa karatasi, maana kwetu wahamiaji hapa ndipo pa kuwa makini. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua, ila lazima awe na miaka 21 kwa bastola ya dukani na anunue kwenye jimbo analoishi. Utajaza fomu 4473 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, utaandika namba yako ya uhamiaji, na muuzaji atakupitisha kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI. Ukiambiwa usubiri, subiri, haimaanishi umekataliwa. Wenye viza za muda, wanafunzi na wengineo, kwa kawaida sheria ya shirikisho inawakataza, ina milango michache tu ya kutokea, na mwenye hali hiyo amwone wakili wa uhamiaji kwanza, asituulize sisi. Fomu inauliza kuhusu bangi, na inasema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho. Ohio wameruhusu bangi, fomu haijali. Jaza ukweli.

Na kamwe usimnunulie ndugu ambaye hawezi kununua mwenyewe, hata akikupa hela yake mkononi na kukuita mjomba. Tangu 2022 hilo lina kosa lake maalumu la shirikisho, kifungo mpaka miaka 15, na kwa asiye raia kosa la silaha ni sababu tosha ya kurudishwa. Hivyohivyo kwa wale wanaopakia makontena ya kwenda Dar au Mombasa: bastola haiingii humo, wala kwenye begi, wala magazini tupu. Kutoa silaha Marekani kuna kibali chake, na huko nyumbani kuna sheria zake, Tanzania ni ile ya 2015 na leseni inapita polisi.

Nyumba zetu hazikosi wageni. Shemeji analala sebuleni wiki mbili, watoto wa jirani wanaingia jikoni bila hodi. Muuzaji lazima akupe kufuli pamoja na bastola, lakini ile kufuli ya kebo ni mwanzo tu. Toa dola 40 au 50 kwenye bajeti ununue kisanduku cha chuma cha kufunga kwa namba, na hapo ndipo 300 yako inapobana: TX22 ya ofa, kisanduku, miwani, vikinga masikio, na boksi la Mini-Mag, tayari umevuka kidogo. Kama hiyo ziada huna, hapo sasa Wrangler inarudi mezani, na wala hutajuta.

Kwa uwanja, huku kwetu nakwenda ule wa idara ya wanyamapori ya jimbo, Delaware, kaskazini mwa Columbus. Unanunua kibali cha siku au cha mwaka mtandaoni, wanataka shabaha za karatasi, na wasimamizi wanajua kazi yao. Bastola isafiri ikiwa tupu, ndani ya boksi lake, kwenye buti. Wakitangaza watu waende kubadilisha karatasi, hakuna anayegusa silaha, hata kuipangusa.

Halafu vichwa vya .22 za bei nafuu ni madini ya risasi matupu yenye nta, na moshi wake unabaki kwenye vidole, kwenye shati, kwenye usukani. Nawa kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kula chochote, chipsi za kwenye gari zisubiri, na ukifika nyumbani badilisha nguo kabla hujambeba mtoto. Zifuliwe peke yake.